Mawe ya Hilary, Kamba za Glenys

Hilary Thackray aliingia kwenye ukumbi wa kukwelea Alhamisi ile akiwa ameshaamua. Safari ya mwaka huu ingekuwa ya Fontainebleau, Ufaransa, kwenye msitu wenye mawe mengi kuliko miti, na asiyetaka angebaki Sheffield aangalie mvua. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne, mpana wa mabega, aliyeendesha mabasi ya mji huo mpaka alipostaafu. Hata sasa alikuwa akiingia mahali popote kama anayeingiza basi kituoni: polepole, bila wasiwasi, akijua kwamba wengine ndio watakaosogea.

Wenzake wawili walikuwa wameshakaa kwenye meza yao ya dirishani, mikono ingali myeupe kwa chaki. Zamani jengo hilo lilikuwa karakana ya kuyeyushia chuma. Siku hizi kuta zake zimejaa vishikio vya plastiki vya kila rangi, watu wananing'inia humo kama popo, na kwenye kona palipokuwa na tanuri kuna mgahawa unaouza chai na keki ya tangawizi.

Glenys Rowbotham alikuwa mrefu, mwembamba, nywele fupi nyeupe pe, mkunga mstaafu. Nusu ya vijana waliokuwa wakining'inia pale juu yeye ndiye aliyewapokea duniani, na wakimpigia kelele sana huwakumbusha. Wa tatu, Nasreen Mahmood, alikuwa mdogo wao kwa miaka ishirini. Kazi yake ilikuwa kupima macho ya watu na kuwauzia miwani. Alijiunga nao walipomkuta peke yake chini ya ukuta akijaribu kuvaa mkanda wa kukwelea alioupindua juu chini, na tangu siku hiyo hawakumwacha. Isitoshe, alikuwa na gari, kombi kubwa ya buluu yenye vitanda vitatu ndani.

"Fontainebleau," Hilary alisema kabla hajavuta kiti. "Oktoba. Wiki mbili."

"Salamu kwanza, mama," alisema Nasreen.

"Hamjambo. Fontainebleau."

Glenys alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Kalymnos," alisema.

"Nani huyo?"

"Si mtu, ni kisiwa. Ugiriki. Miamba mirefu inatazama bahari, kamba zinaning'inia, jua linakupiga mgongoni. Ukishuka unakula pweza."

Hilary alimtazama kama dereva anavyomtazama abiria anayetaka kushuka katikati ya daraja. Wamebishana jambo hili tangu siku ya kwanza walipokutana, miaka mingi iliyopita, chini ya mwamba wa Stanage, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Hilary ni mtu wa mawe. Unatandika godoro chini, unapaka chaki viganjani, unalikwea jiwe lenye urefu wa mara mbili yako bila kamba wala chochote, na baada ya dakika moja mambo yamekwisha: ama uko juu unacheka au uko kwenye godoro unatukana. Kamba alikuwa akiziona kama foleni ya posta. Mmoja anapanda, mwenzake anasimama chini amekodoa macho mpaka shingo inamuuma. Glenys naye alipenda urefu. Alipenda kusikia kamba ikinyooka, na kuona nyumba za watu zikiwa ndogo chini ya viatu vyake.

Lakini ubishi wao ulikuwa na desturi yake. Glenys angetaja mahali pa kamba, Hilary angecheka, Glenys angesema "haya, mwaka ujao," kisha wangekwenda kwenye mawe. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

"Huko msituni tumekwenda mara ngapi?" Glenys aliuliza.

"Hatujayamaliza yale mawe."

"Hilary, yale mawe hata vilembwe wako hawatayamaliza."

"Na magodoro yangu? Nitayaingizaje kwenye ndege? Niwaambie ni mashuka?"

"Ndiyo maana nasema kamba. Kamba inaingia kwenye begi."

"Gari langu jamani haliogelei mpaka Ugiriki," alisema Nasreen.

"Kuna ndege, kipenzi."

"Basi haya, mwaka ujao," alisema Hilary, akimsaidia mwenzake kufika pale alipozoea kufika.

"Hapana," alisema Glenys. "Mwaka huu."

Alilisema taratibu, bila kupandisha sauti, kwa ule upole ambao bila shaka aliutumia kumwambia mama aliyechoka kwamba sasa ni wakati wa kusukuma. Nasreen aliacha kutafuna. Hilary akahisi damu inamchemka kidogo, na hisia hiyo haikumchukiza hata kidogo.

"Sawa," alisema. "Twende tukaamulie kwenye jiwe. Jumamosi, Burbage. Lile jiwe tunaloliita Mkate. Kila mtu mara mbili. Atakayefika juu ndiye atakayechagua safari, na mwenzake hana neno."

"Na mkifika wote?" aliuliza Nasreen.

"Aliyefika kwa mara chache zaidi. Na wewe ndiwe mwamuzi, maana una macho."

Glenys alitazama vidole vyake juu ya meza. Ule Mkate alikuwa ameukwea mara nyingi kuliko Hilary. Wote watatu walilijua hilo. Hilary alitegemea angerukia nafasi hiyo kwa furaha. Lakini Glenys aliendelea kuvitazama vidole mpaka mtu mmoja ukutani akaanguka, akajigonga godoroni puu, akacheka.

"Sawa," alisema hatimaye. "Jumamosi."

*

Jumamosi kulikuwa na ule ubaridi mkavu ambao wakwezi wa pale huomba kuupata: upepo wa wastani, anga la rangi ya bati, na jiwe limekauka kiasi kwamba ukiligusa linakamata ngozi kama msasa. Magugu ya nyika yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya kutu. Walitembea kutoka barabarani wakiwa na magodoro migongoni, kila mmoja amebeba moja, wakifanana kwa mbali na kobe watatu wanaohama.

Mkate lilikuwa jiwe lililosimama peke yake chini ya ukingo, juu limeumuka, upande mmoja umenyooka kama uliokatwa kwa kisu. Hapo ndipo pa kukwelea. Unaanza na nyufa mbili za vidole, unapandisha mguu wa kulia juu kiunoni, unasogea, unasogea, halafu unafika mahali ambapo hakuna kitu cha kushika isipokuwa ukingo wa juu kabisa, na ukingo wenyewe uko mbali kidogo kuliko mkono wa binadamu. Lazima uuchupie. Ukiudaka, umefika. Ukiukosa, unaangukia mgongo wako.

"Wa kwanza nani?" Nasreen aliuliza, amejifunga skafu mpaka puani.

"Mimi," alisema Hilary. "Mwanamke huyu apate kuona inavyofanywa."

"Nimeiona mara nyingi inavyofanywa vibaya," alisema Glenys.

Hilary alipanda kama alivyofanya kila kitu, kwa nguvu na kwa haraka, akipumua kama basi kwenye mlima wa Ringinglow. Akachupa. Vidole vikagusa ukingo, vikateleza, akaanguka godoroni kwa kishindo kilichowashtua kondoo. Akainuka anacheka, amejaa vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alipumzika, akapiga mluzi, akajaribu tena, na mara hii ukingo ukakaa mkononi. Akajikokota juu kwa tumbo, bila urembo wowote, akasimama juu ya Mkate na kuinua mikono.

"Fontainebleau!" alipaza sauti, na upepo ukalipeleka neno hilo kwa wale kondoo.

Kisha akapanda Glenys. Hilary, pamoja na mashindano yote, hakuweza kuacha kumtazama. Yule mwanamke alikuwa akikwea kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake gizani bila kutaka kuamsha mtoto. Viatu havikutoa sauti. Alifika chini ya ukingo bila hata kuhema. Hilary alijua moyoni kwamba ameshindwa, kwamba ni pweza na Ugiriki na shingo kuuma.

Glenys alitazama juu. Akatazama chini, kwenye magodoro. Akatazama tena juu.

"Umelala huko?" Hilary alimpigia kelele. "Tukuletee mto?"

Glenys alibaki ameukazia macho ukingo. Akaurudisha mkono wa kushoto chini, akautafuta ule ufa, akaurudisha mguu. Hatua kwa hatua, mshiko kwa mshiko, akashuka njia ile ile aliyopandia, mpaka viatu vikagusa nyasi taratibu.

"Kushuka hivyo ni kugumu kuliko kupanda!" alisema Nasreen. "Mimi nisingeweza."

"Moja hiyo," alisema Glenys, akijipaka chaki upya.

Mara ya pili alifika pale pale. Akasimama pale pale, shavu limelala kwenye jiwe, mkono mmoja uko huru na tayari. Hakuchupa. Akashuka tena kama mwanzo, akafungua kamba za viatu.

"Nimeshindwa," alisema. "Fontainebleau. Hongera."

Hilary alikuwa na maneno mengi ya kushangilia aliyokwisha kuyaandaa tangu Alhamisi. Aliyaacha, akamtazama mwenzake anavyovua viatu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amewatazama watu waliosimama kando ya barabara, na alijifunza kumtofautisha anayeogopa gari na anayepiga hesabu. Anayeogopa hurudi nyuma na macho yake yametawanyika. Anayepiga hesabu hutulia. Glenys alikuwa ametulia tuli. Hakuogopa ukingo. Alikuwa amepima kuanguka, akaona bei yake, akakataa kulipa.

*

Walikaa ndani ya kombi mlango umefungwa, madirisha yakijaa ukungu. Nasreen alitoa sambusa za mama yake, Hilary akatoa pai ya nyama ya nguruwe, na kama kawaida kila mtu akala ya kwake na kuisifu. Chai ilitoka kwenye chupa ikiwa moto wa kuunguza ulimi.

"Ile Januari," alisema Hilary, "ulipovunjika mkono."

"Niliteleza kwenye barafu. Mlangoni. Nilishawaambia."

"Uliteleza. Watu huteleza kila siku. Mimi niliteleza wiki ile ile, nikapata alama ya buluu makalioni yenye umbo la Ireland. Wewe ulivunjika mara mbili mahali pamoja. Tangu hapo kwenye ukumbi hujaja upande wa mawe hata siku moja. Nilidhani umetuchoka."

Glenys alipuliza chai yake.

"Ni mifupa, sivyo?" alisema Hilary.

Nasreen alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaiweka sambusa chini.

"Walinipiga picha," alisema Glenys. "Daktari ni msichana mdogo, nafikiri mama yake nilimzalisha mimi. Akanionyesha. Mifupa imekuwa kama mkate uliokaushwa. Nyonga, uti wa mgongo, kila kitu. Napewa dawa. Anasema itasaidia."

"Akakukataza kukwea?"

"La. Alisema nikwee, ni kuzuri sana kwangu. Alisema tu nisianguke." Glenys akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kwenye kamba, nikikosea, naning'inia. Najizungusha kidogo, naona mandhari, naendelea. Kwenye mawe kila kosa linaishia ardhini. Hata kama kuna godoro."

"Sasa kwa nini hukusema?" Hilary aliuliza, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka. "Umeniacha nikuburute mpaka huku uje kushindana kwenye Mkate! Na kama ungechupa?"

"Nisingechupa. Mimi si mjinga."

"Lakini kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ya hilo jicho ulilonitolea sasa hivi!" Glenys alipandisha sauti, na hilo lilikuwa jambo la nadra kiasi kwamba Nasreen aliruka kidogo. "Hilo hilo! Nimefanya kazi na watu miaka arobaini, najua linavyoanza. Leo ni jicho. Kesho mtaanza kunishika mkono kwenye ngazi. Keshokutwa mtakuwa mnaniuliza kama nimekula. Sitaki. Nilitaka kwenda Kalymnos kwa sababu napenda Kalymnos, basi, na mkubali kwa sababu nimewashinda kwa maneno."

Upepo uliitikisa kombi. Hilary alikuwa na aibu na hasira kwa pamoja, na hakujua ipi aitangulize.

"Basi Kalymnos," alisema. "Twende huko kwenu kwa pweza."

"Thubutu!" Glenys alimnyooshea kidole chenye chaki. "Umeshinda kihalali. Mwamuzi aliona. Ukinipa hiyo safari kama sadaka sitakwenda, na wewe nitakufuta kwenye simu."

"Aliona, kweli," alisema Nasreen kwa sauti ndogo. "Samahani. Niliona."

"Wewe nyamaza, kula," walimwambia wote wawili.

*

Wiki nzima Hilary alizunguka na jambo hilo. Hakuwa mtu wa kukosa usingizi, na hakukosa. Lakini mchana, akimwagilia nyanya zake au akisubiri foleni ya duka la nyama, kichwa chake kilikuwa kinatafuta njia kama zamani barabara ilipofungwa na abiria sitini wako nyuma yake. Kuna njia siku zote. Suala ni nani atakayelalamika na kwa muda gani.

Jambo moja lilikuwa wazi kwake: Glenys alikuwa na haki ya kukataa sadaka. Angekuwa yeye, angekataa vilevile, na kwa matusi mabaya zaidi. Jambo la pili: yeye Hilary alikuwa mshindi, na mshindi ndiye anayechagua, na hakuna mahali popote waliposema kwamba lazima achague kile alichokitaka Alhamisi iliyopita.

Alimpigia simu Nasreen dukani. "Kombi yako inapanda milima?"

"Inapanda, ila inalalamika."

"Kama sisi. Basi nisikilize."

Alhamisi alifika wa kwanza, akatandaza ramani kwenye meza ya dirishani na kuzibana pembe zake kwa vikombe. Glenys alipokaa, uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu.

"Mimi ndiye niliyeshinda," Hilary alianza.

"Hakuna anayebisha."

"Kwa hiyo nachagua. Uswisi." Akaweka kidole chake kinene kwenye bonde moja upande wa kusini wa milima, kule ambako Waswisi wanazungumza Kiitaliano. "Kijiji kinaitwa Chironico. Chini ya kijiji kuna mawe yamejaa kwenye msitu wa michongoma na miti ya matunda ya chestnati, makubwa kama nyumba. Hayo ni yangu. Na pale pale, unatembea tu, kuna miamba ya kamba. Hiyo yako. Asubuhi nakushikia kamba, jioni unanitazama nikianguka. Magodoro yanaingia kwenye kombi. Tunavuka na meli kutoka Hull, tunashuka Uholanzi, halafu ni kuendesha tu. Na kuendesha naendesha mimi."

Glenys alitazama ramani muda mrefu. "Unanionea huruma," alisema.

"Ningekuwa nakuonea huruma ningekupeleka Kalymnos nikakulisha pweza kwa kijiko. Nakupeleka Uswisi kwenye baridi, tena aliyeshindwa ndiye atakayebeba magodoro."

"Mifupa yangu, Hilary."

"Daktari wako alisema nini kuhusu kubeba vitu?"

Glenys alihamisha kikombe kimoja kwenye pembe ya ramani.

"Glenys. Alisema nini?"

"Alisema ni kuzuri kwa mifupa," alikiri Glenys kwa shida.

"Basi utabeba mawili."

Nasreen alicheka mpaka chai ikampitia puani. Glenys alijikaza, akajikaza, kisha mdomo ukamcheza upande mmoja. Akaivuta ramani karibu na kuvaa miwani yake, ile ambayo Nasreen alimuuzia.

"Hii miamba ya kamba," alisema, "inatazama wapi? Kama ni kaskazini Oktoba tutaganda."

Hapo Hilary alijua kwamba safari imepatikana. Wote watatu wakaanza kufanya kile ambacho kwa kweli wanakipenda karibu sawa na kukwea kwenyewe. Walibishana kuhusu kamba ndefu na kamba fupi, kuhusu nani analala juu na nani chini, kuhusu kama mtu anahitaji jozi mbili za viatu au ni majivuno tu. Hilary alitaka kubeba maharage ya makopo ya wiki mbili; Glenys aliuliza kama anadhani Waswisi hawali. Nasreen alitaka wapitie kwa shangazi yake Rotterdam, akaonya kwamba wakipita kwa shangazi hawataondoka bila kula mara tatu. Walikubaliana kula mara tatu. Wiki zilizofuata, kila Alhamisi, Hilary alikwea upande wa kamba saa nzima kwanza, akinung'unika, kwa sababu Glenys alisema hawezi kushikiwa kamba na mtu ambaye mara ya mwisho kufunga fundo sawasawa ilikuwa kabla ya Nasreen kumaliza shule.

"Fundo gani hili?" Glenys alimwambia siku ya kwanza. "Hili ni la kufungia mbwa."

"Mbwa wangu hajawahi kupotea."

"Fungua. Anza upya."

Na Hilary, aliyeendesha watu wa mji mzima bila kupokea amri ya mtu, alifungua na kuanza upya.

*

Oktoba bonde lile lilikuwa la dhahabu, na matunda ya chestnati yalikuwa yanadondoka juu ya paa la kombi usiku kucha kama mtu anayebisha hodi. Siku ya kwanza walikwenda kwenye miamba ya kamba, ambayo ilikuwa inatazama kusini, na Glenys akapanda njia nne bila kupumzika. Siku ya pili ilikuwa zamu ya mawe. Hilary alianguka mara nyingi na kwa furaha. Glenys alikaa juu ya magodoro anamenya chestnati za kuchoma, akitoa ushauri ambao haukuombwa.

Siku ya tatu walilikuta lile refu. Lilisimama pembeni mwa uwazi msituni, uso wake wa kijivu umenyooka, mishiko mizuri mpaka juu, lakini juu kwenyewe kulikuwa juu mno. Chini yake walikuwa wamekaa Wajerumani wanne na lundo la magodoro, wanalitazama. Mmoja wao, Korbinian, mtu wa Munich mwenye misuli na nywele zilizofungwa fundo utosini, aliwasalimia kwa Kiingereza kizuri.

Glenys aliweka mikono kiunoni akalitazama jiwe. Akalizunguka kwa nyuma, ambako kulikuwa na mteremko wa kutembea. Muda mfupi baadaye kamba ilishuka kutoka juu, imefungwa kwenye miti miwili minene, ikaning'inia katikati ya uso wa jiwe kama kitu cha aibu.

"Samahani, mama," alisema Korbinian kwa adabu. "Hili ni jiwe. Mawe hayafungwi kamba. Si desturi."

"Umelikwea?" Glenys aliuliza, akifunga fundo lake kiunoni.

"Bado."

"Umelitazama tangu lini?"

Korbinian aliona haya. "Jumatatu."

Wenzake waliangua kicheko, wakampiga mabegani. Hilary alishika kamba, akaikagua mara mbili kama alivyofundishwa, akasema, "Nimekupata," na Glenys akapanda.

Alipanda kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Katikati mguu uliteleza. Mwili mzima ukatoka kwenye jiwe, na Hilary akahisi uzito wote wa rafiki yake mikononi mwake, uzito mdogo kuliko alivyodhani. Glenys aliyumba kidogo, akasema neno ambalo wakunga hawatakiwi kulisema, akarudi kwenye jiwe na kuendelea. Chini, Wajerumani walikuwa wameacha kucheka. Mmoja wao alikuwa anafuata kila mwendo kwa mikono yake hewani, anajifunza.

Glenys alipofika juu alikaa ukingoni, miguu inaning'inia, akipumua. Korbinian alimsogelea Hilary, akamnong'oneza kama mtu anayeulizia dawa dukani: baada ya yule mama kushuka, je, ingewezekana, mara moja tu, ili ajue mishiko ya juu ikoje?

"Mwombe mwenyewe," alisema Hilary. "Kamba ni yake. Ila atakukagulia fundo lako, na atalitukana."

"Hilary!" Glenys aliita kutoka juu.

"Naam!"

"Huku naona mpaka barabarani! Naona reli, naona kanisa, naona kombi! Nasreen, mlango wa nyuma uliufunga?"

Nasreen, aliyekuwa anapiga picha, alishusha simu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna mbuzi ndani. Watatu. Hapana, wanne. Mmoja amekaa kitandani kwa Hilary anakula mkate!"

Nasreen alitimua mbio, na Wajerumani wawili wakamfuata. Hilary naye alianza kukimbia, akakumbuka amemshika nani, akasimama. Juu kule Glenys alikuwa anacheka kwa sauti yote, ameshika mbavu, na kila mara akisimulia kinachoendelea kule kwenye kombi, yupi katoka, yupi kakataa, Nasreen anamvuta yupi kwa pembe.

"Nishushe!" alisema hatimaye, akifuta machozi. "Nishushe twende tukaokoe maharage yako."

"Taratibu," alisema Hilary, akaanza kuiachia kamba kidogo kidogo.